Mrusi Anaposema "Buy Anything": Uzoefu wa Kufundisha "Some", "Any" na "No"

Mwanafunzi anayezungumza Kirusi akikuandikia "I want to buy anything for my mother", usidhani hamjali mama yake. Alichokusudia ni kwamba anatafuta zawadi na bado hajaamua ipi. Mwingereza akiisoma sentensi hiyo anaelewa jambo jingine kabisa: huyu bwana atanunua chochote kile, kiwe ufagio, ziwe betri za redio, mradi asirudi mikono mitupu. Kosa hili si la uzembe. Limetokana na jedwali ambalo wanafunzi wengi wa Kirusi huja nalo darasani likiwa limeshakaa kichwani: neno lenye "-to" ni "some", neno lenye "-nibud" ni "any". Jedwali hilo ni sahihi nusu tu, na ile nusu isiyo sahihi ndiyo inayohitajika sana katika mazungumzo ya kila siku.

Nayaandika haya kwa Waswahili wenzangu wanaofundisha Kiingereza watu wa lugha ya Kirusi: mwanafunzi wa chuo aliyeko Moscow anayejiongezea kipato kwa tuisheni, mwalimu wa Nairobi anayefundisha kwa video, na hata mwongoza watalii wa Unguja anayetaka kuelewa kwa nini mgeni wake kasema "We don't need nothing". Maneno ya Kirusi nitayaandika kwa herufi zetu. Neno "nichego" lisome "nichivo", maana ile "g" ya katikati hutamkwa "v".

Kirusi kina ngazi ambazo Kiingereza hakina. "Koye-kto" ni mtu ambaye msemaji anamjua ila hataki kumtaja. "Kto-to" ni mtu ambaye yupo kweli, lakini msemaji hamjui. "Kto-nibud" ni mtu ambaye bado hajapatikana: yule atakayejitokeza, kama atajitokeza. "Kto-libo" inakaribiana na hiyo ya tatu, ila ina harufu ya ofisi na mikataba. "Lyuboy" ni yeyote umtakaye. "Nikto" ni kusema hakuna mtu. Kiingereza kinaugawa uwanja huohuo kwa vipande vitatu tu, "some", "any" na "no", na mipaka yake haipiti mle mle. Mwanaisimu Martin Haspelmath, katika utafiti wake wa mwaka 1997 uliolinganisha lugha nyingi, alichora ramani ya matumizi tisa ya maneno ya aina hii. Ukiziweka lugha hizi mbili juu ya ramani hiyo, penye ugomvi panaonekana mara moja. "-Nibud" inashika maswali na masharti, na pia inashika amri, matakwa na mipango ya kesho. "Any" iko nayo kwenye maswali na masharti, lakini kwenye amri, matakwa na mipango inamwachia "some" nafasi yote.

Ndiyo maana simwanzishi Mrusi na maana ya "any". Namwanzisha na kuitazama sentensi kabla ya kulitazama neno.

Zoezi linalofanya kazi ni hili. Andaa karatasi yenye sentensi 12 za Kirusi, zote zina "-nibud": tatu za amri, tatu za wakati ujao, mbili za mazoea, mbili za maswali, mbili za masharti. Zichanganye. Duru ya kwanza mwanafunzi haruhusiwi kutafsiri hata neno moja. Kazi yake ni kuandika pembeni ya kila sentensi kama ni swali, ni sharti au si yoyote kati ya hizo. Duru ya pili anatafsiri. Palipoandikwa swali au sharti aweke "any". Kwingine kote "some", bila kujadiliana na moyo wake.

"Kupi chto-nibud poyest" ni amri, basi "Buy something to eat". "Ya chto-nibud pridumayu" ni ahadi ya baadaye, basi "I'll think of something". "On vsegda chto-nibud zabyvayet" ni mazoea: kila safari anasahau kitu, leo funguo, kesho mwavuli. Kirusi kinaweka "-nibud" kwa sababu kitu chenyewe kinabadilika kila mara, na hapa ndipo hata wanafunzi wazuri hujikwaa na kuandika "He always forgets anything". Sahihi ni "He always forgets something". Sentensi za mazoea zisikose kwenye karatasi yako. Bila hizo mwanafunzi anakariri kwamba shida ni amri tu. "Kto-nibud zvonil?" ni swali, "Did anyone call?" Na "Yesli kto-nibud pozvonit" ni sharti, "If anyone calls". Hapo kwenye sharti kaa macho na kosa la pili linalojificha nyuma ya la kwanza: Kirusi kinatumia kitenzi cha wakati ujao baada ya "yesli", kwa hiyo utaletewa "If anyone will call".

Kuna atakayekuuliza, na ana haki: mbona Waingereza husema "Did someone call?" na "If someone calls"? Husema, na si kosa. "Did someone call?" inaulizwa na mtu anayehisi kwamba simu imeita kweli, labda ameona taa ya simu inawaka. Anatarajia ndiyo. "Did anyone call?" haitarajii lolote. Kirusi kinaweza kuonyesha tofauti hiyohiyo kwa "kto-to zvonil?" dhidi ya "kto-nibud zvonil?", kwa hiyo hapa kwa bahati nzuri lile jedwali la zamani linasaidia. Kwa anayeanza, mpe kanuni ya "any" kwenye swali. Hii nyingine iongeze akishazoea.

Baada ya karatasi hiyo, ndipo ulete "any" katika sentensi ya kawaida isiyo na swali wala ukanushi. "Anyone can do it." "Call me any time." Mwenye jedwali kichwani anaziona sentensi hizi kama makosa ya uchapaji. Mpe "lyuboy" au "kto ugodno", yaani yeyote utakaye, na mambo yatakaa sawa. Kisha weka mbili bega kwa bega: "Ask someone" ni "sprosi kogo-nibud", muulize mtu mmoja, tupate jibu. "Ask anyone" ni "sprosi kogo ugodno", muulize yeyote umtakaye, wote watakwambia vilevile. Akizishika hizo mbili, ataelewa mwenyewe kwa nini ile zawadi ya mama ilichekesha.

Sasa ukanushi, ambao ndio kidonda kikubwa.

Kirusi kinakanusha kila kinachokanushika. "Ya nichego ne znayu": neno la kitu limekanushwa, na kitenzi nacho kimekanushwa. Wala si hiari. "Ya nichego znayu" bila "ne" ni sentensi iliyovunjika. Mwalimu Mswahili hapa ana kasoro moja asiyoijua. Sisi tukisema "sikuona mtu" tumemaliza. Kitenzi kimebeba ukanushi wote na "mtu" amebaki mtu. Kwa hiyo "I didn't see nobody" tunaiona kama ukosefu wa umakini, tunaipigia mstari mwekundu na kuendelea. Kwa mwanafunzi ni kinyume: ukimwondolea ukanushi mmoja, sentensi inamlegea mdomoni, anaona kama haijakanusha sawasawa. Mstari mwekundu haumtibu. Anahitaji utaratibu wa kufuata mkono wake unapoandika.

Utaratibu wenyewe una hatua tatu. Kwanza, tafuta kiima (mtenda) cha sentensi ya Kirusi na ukipeleke mwanzo, kwa sababu Kirusi kinaruhusu yambwa (mtendwa) kutangulia na Kiingereza hakiruhusu. Pili, soma kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa Kiingereza na ubakize ukanushi wa kwanza tu. Tatu, kila ukanushi unaofuata ubadilishe uwe wa "any": "nothing" inakuwa "anything", "nobody" inakuwa "anybody", "never" inakuwa "ever".

Chukua "Menya nikto ne ponimayet". Anayetafsiri kwa mpangilio huohuo ataanza na "Me nobody" halafu akwame. Kiima ni "nikto", kwa hiyo "Nobody". Ukanushi wa kwanza umeshapatikana, kitenzi kibaki safi: "Nobody understands me." Chukua "Nichego ya nikomu ne skazal". Kiima ni "ya". Ukanushi wa kwanza unaangukia kitenzi, viwili vilivyobaki vinageuka: "I didn't tell anyone anything." Na ile ninayoipenda kuliko zote kwa mazoezi, kwa kuwa ina ukanushi mara nne na ni Kirusi cha kawaida kabisa cha jikoni: "Nikto nikogda nichego mne ne govorit." Kiingereza chake ni "Nobody ever tells me anything." Iandike ubaoni, mwanafunzi akate mwenyewe moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza isiguswe.

Hatua ya pili ikirukwa linazaliwa kosa baya kuliko la mwanzo. Mwanafunzi ameambiwa kwamba ukanushi ni "not" pamoja na "any", basi anatunga "Anybody didn't come". Kwa sikio la Mwingereza hii haieleweki hata kidogo, ilhali "Nobody didn't come" angalau ingekisiwa. "Any" haiwezi kukaa kwenye kiima mbele ya ukanushi wake. Ukanushi lazima utangulie. Nikto kwenye kiima ni "nobody", basi, hakuna njia ya pili. Njia mbili zipo tu kwenye yambwa: "I saw nothing" na "I didn't see anything" zote ni sahihi, ila ya pili ndiyo inayosikika kwenye mazungumzo. Ya kwanza ina uzito wa kiapo mahakamani.

Kuna maneno yanayokanusha bila kuonekana kama yanakanusha, nayo pia hufuatwa na "any". "Without" ni mojawapo: "Ushyol, nichego ne skazav", kaondoka bila kusema kitu, ni "He left without saying anything", na utaletewa "without saying nothing". "Hardly" ni jingine. Kirusi kina "malo kto znayet", ni wachache wanaojua, ambayo neno kwa neno inazaa "little who knows". Fundisha sentensi mbili kama zilivyo: "Few people know" na "Hardly anyone knows". Mwenye kuongeza "doesn't" kwenye hiyo ya pili amegeuza maana ikawa karibu kila mtu anajua.

Mwanafunzi mwerevu, hasa kijana anayesikiliza rap, atakuletea wimbo wenye "I didn't do nothing". Usibishane naye. Wapo wazungumzaji wa Kiingereza, Marekani na Uingereza, wanaokanusha mara mbili kama Warusi, na Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, alifanya hivyo pia. Mwambie aelewe akisikia, na asiandike kwenye mtihani wala barua ya kuomba kazi.

Linalofuata linaonekana dogo, lakini ni alama ya kumtambulia mzungumzaji wa Kirusi hata aliyefika mbali: "nobody of us". Kirusi kinasema "nikto iz nas", "kto-to iz moikh druzey", "kazhdyy iz nikh", muundo mmoja kwa yote. Kiingereza kimeyafungia mlango maneno yanayoishia "-body", "-one" na "-thing": hayafuatwi na "of" na kundi la watu. "Nikto iz nas" ni "none of us". "Kto-to iz moikh druzey" ni "one of my friends" kama ni mmoja, au "some of my friends" kama ni zaidi. "Kto-nibud iz vas" ndani ya swali ni "any of you". "Kazhdyy iz nikh" ni "each of them" au "every one of them", maneno mawili yaliyoachana. "Everyone of them" kwa neno moja ni kosa ambalo hata Waingereza hulifanya. Kwa kuwa "iz" ina maana ya kutoka, baadhi huandika "somebody from my friends". Hili lina mtego wake, maana "somebody from my office" ni sahihi kabisa: ofisi ni mahali anapotoka mtu, marafiki ni kundi la kuchagua mmoja.

Wakiwa wawili, Kirusi husema "oba ne prishli", wote wawili hawakuja, na mwanafunzi anatoa "both didn't come". Ni "Neither of them came". Wakizidi wawili ni "none".

Kuhusu "vse" na "vsyo". La kwanza ni watu wote, la pili ni vitu vyote. Kwenye maandishi ya Kirusi ya kila siku nukta mbili za juu ya herufi "ё" mara nyingi haziwekwi, hivyo maneno yote mawili huchapishwa sawasawa, "все", na msomaji anaamua kwa muktadha. Msemaji wa Kirusi haoni tabu yoyote hapo. Tabu ni kwamba "vse" ni wingi na "everyone" ni umoja. "Vse znayut" inakuja ikiwa "everyone know", na "vse zdes" inakuja ikiwa "everybody are here". Dawa niliyoiona inafaa ni kutomruhusu aliandike "everyone" peke yake kwenye daftari la msamiati. Aandike "everyone is", "everyone has", "everyone knows", kila mara na kitenzi chake, mpaka ulimi uzoee.

Kwa "vsyo" shida ni "all". "Vsyo khorosho" inageuzwa "all is good", badala ya "everything is fine". "Spasibo za vsyo" inakuwa "thanks for all", badala ya "thanks for everything". Akimaliza kueleza jambo lake atasema "It's all", naye alitaka "That's all". Mhudumu wa hoteli Nungwi anayeandika oda ya chakula akisikia "It's all" aelewe kwamba mgeni kamaliza, asisubiri sentensi iendelee.

Hapo hapo kwenye "everyone" kuna suala la kumrejelea mtu asiyejulikana. Katika Kirusi "kto-to" na "nikto" huchukua kitenzi cha kiume cha umoja hata kama aliyetenda ni mwanamke, na kumiliki kunafanywa na "svoy", neno lisilotaja jinsia ya mwenye kitu. Kwa hiyo akifika kwenye "Someone has left ... phone" anajaza "his" bila kufikiri. Kiingereza cha leo kinataka "their": "Someone has left their phone", "Everyone took their umbrella". Wapo watakaokataa wakisema kwamba "their" ni wingi na "someone" ni umoja. Waambie matumizi haya yapo katika Kiingereza tangu karne ya 14, na kwamba hayabadilishi kitenzi cha "someone", kinabaki "has". Mkia wa swali nao unafuata "they": "Everyone knows that, don't they?" Na kwa "nobody" mkia haukanushwi, maana ukanushi umeshapita: "Nobody called, did they?" Kwa vitu ni "it": "Nothing works, does it?"

Mpaka hapa Kirusi kilikuwa na neno na Kiingereza kikawa na jingine. Sehemu ngumu zaidi kuigundua ni pale Kirusi kinapokuwa hakina neno lolote. "Stuchat", wanabisha hodi: kitenzi kimoja, wingi, hakuna kiima. "Mne pozvonili", nimepigiwa simu. "U menya ukrali telefon", nimeibiwa simu. Mwanafunzi anatafuta cha kutafsiri, haoni kitu, anaandika "Called me" au "They called me", na wewe unabaki kuuliza akina nani. Kiingereza kinalazimisha kiima: "Someone is knocking", "Someone called me". Kwa simu iliyoibwa, kauli ya kutendwa ni bora, "My phone was stolen". Ni "people" au "they" pale tu wanaposemwa watu kwa ujumla, kama "govoryat", wanasema: "They say".

Kuna pia maneno ya kuuliza yanayofanya kazi ya viwakilishi hivi katika mazungumzo ya haraka. "Yesli kto pridyot", neno kwa neno kama nani akija, ni "If anyone comes". Na "yesli chto, zvoni" imezaa Kiingereza maarufu cha Warusi, "If what, call me", ambacho wao wenyewe hukitania. Maana yake ni ukihitaji kitu piga simu, "If you need anything, call me", au likitokea jambo, "If anything happens". Hakuna kanuni ya kuwapa hapa. Wakariri sentensi nzima.

"Nechego" na nduguze ni kundi dogo lakini linasumbua mno, na kwa bahati lina njia ya moja kwa moja. "Mne nechego chitat", sina cha kusoma. Mkazo uko kwenye "ne" ya mwanzo, usilichanganye na "nichego". Yule "mne" anakuwa "I have", "ne-" inakuwa "nothing", "no one" au "nowhere", kitenzi kinapata "to" mbele yake: "I have nothing to read." Kikiwepo kihusishi, Kirusi hukipenyeza katikati ya neno, "mne ne s kem poyti", nacho Kiingereza hukitupa mwisho: "I have no one to go with." Asipokitupa utapata "I have no with whom to go", au hicho kihusishi kitapotea kabisa. Kama hakuna mtu aliyetajwa, badala ya "I have" weka "There is": "Negde sest", hakuna pa kukaa, ni "There is nowhere to sit."

Linaloharibu uhusiano na watu, hata kama sarufi ni safi, ni adabu ya swali. Katika Kirusi ombi likikanushwa linalainika. "Vy ne khotite chego-nibud vypit?" ni mwaliko wa heshima, "U vas net chego-nibud podeshevle?" ni ombi la upole dukani. Ukivihamisha vilevile unapata "Don't you want anything to drink?" na "Don't you have anything cheaper?" Ya kwanza inasikika kama mshangao kwamba mgeni hanywi, ya pili ni ya mteja aliyechoka na bei zako. Mwondolee ukanushi, na kwenye mwaliko umwekee "something", kwa sababu anayekaribisha anatarajia jibu la ndiyo: "Would you like something to drink?" Dukani ni "Do you have anything cheaper?" Mwenye duka Forodhani anayeulizwa swali lile la ukali asichukie, mteja huyo kichwani mwake anaomba kwa unyenyekevu. Vivyo hivyo ukimuuliza hali naye akajibu "Nothing" au "Normal", ni "nichego" na "normalno" zinazotafsiriwa, yaani si mbaya, naendelea.

Wakati wa kusahihisha mazungumzo siwakatizi kwa kila kosa. Nawakatiza kwa yale yanayopindua maana au yasiyoeleweka: "anybody didn't", "buy anything" na swali lililokanushwa. "Nobody of us" na "everyone know" naziandika pembeni, tunazirudia dakika tano za mwisho.

Vilivyobaki ni vidogo. Mpangilio wa kivumishi hauhitaji somo: "chto-nibud interesnoye" na "something interesting" zimepangwa sawa, Mrusi hakosei. "Kto-to drugoy" ni "someone else", na "chto-nibud yeshcho?" ni "anything else?", umiliki unapachikwa mwisho kabisa, "someone else's bag". Kirusi kinatofautisha "gde-nibud" ya kukaa na "kuda-nibud" ya kwenda, na mwanafunzi akitaka kuionyesha tofauti hiyo anaongeza "to": "Let's go to somewhere." Iondoe; "Let's go somewhere" imebeba yote mawili. Kwa wakati hakuna "somewhen" katika matumizi ya kawaida, ingawa mantiki ya jedwali inaidai: "kogda-to" ya zamani ni "once", "kogda-nibud" ya mbele ni "someday", na ndani ya swali ni "ever". Na "kak-nibud", ambayo kamusi ndogo huipa "somehow", mara nyingi haina habari na namna ya kufanya jambo. Rafiki akisema "kak-nibud skhodim v kino" anaahidi sinema siku moja, "Let's go to the cinema sometime". "We'll go somehow" ni ya watu wasio na nauli.